Santuri ya Kathleen Ferrier haikuimbwa na mgonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa makala ya Jumapili iliyopita kuhusu Kathleen Ferrier, mwimbaji wa Uingereza. Aliandika vizuri, na nilifurahi kuliona jina hilo gazetini. Ila alipofika kwenye ule wimbo wa opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ya mtunzi Gluck, Orfeo anapomlilia marehemu mkewe Eurydice, akadai kwamba kinachotutoa machozi ni kusikia sauti ya mtu aliyejua anakufa. Hapo sikubaliani naye hata kidogo, na tarehe ziko upande wangu.

Santuri ile ilirekodiwa na kampuni ya Decca mwezi Juni 1946, Malcolm Sargent akiongoza okestra ya London Symphony. Ferrier alikuwa na miaka 34, mzima wa afya, kazi ndiyo kwanza inamchangamkia. Saratani ya titi iligundulika Machi 1951, naye akafariki Oktoba 8, 1953. Ni kweli, kama makala ilivyosimulia, kwamba Februari ya mwaka huo alipanda jukwaa la Covent Garden, jumba la opera la London, kama Orfeo, na katika onyesho la pili mfupa wa paja ukavunjika, akaimba hivyo hivyo hadi mwisho. Kisa hicho kinasisimua, sikatai. Lakini santuri tunayoililia ilikuwa imeshauzwa madukani miaka mingi.

Basi huzuni ile inatoka wapi? Hata kwenye noti haimo. Gluck, ambaye opera yake ilionyeshwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1762, aliuandika wimbo huo katika meja, skeli tunayoizoea kwa nyimbo za furaha. Mhakiki mmoja wa Vienna, Eduard Hanslick, aliwahi kusema kwamba muziki uleule ungefaa vilevile kwa maneno ya mtu aliyempata Eurydice wake. Mimi ni mwalimu wa kwaya, tena wa sauti ya pili, na jambo hilo nimelijaribu kwa waimbaji wangu. Niliwapa wimbo kwa solfa tu, do re mi bila maneno wala maelezo, wakauimba huku wanatabasamu. Kisha nikawawekea Ferrier. Mmoja wa besi, mtu mgumu ambaye kazi yake kubwa mazoezini ni kuangalia saa, akaniomba niurudie.

Ukitaka kujua anachofanya, fuata kiitikio, maana kinarudi mara tatu. Mara ya kwanza anakiimba wima, bila kukipamba, kama anayeuliza swali na bado anategemea kujibiwa. Halafu mwendo unapungua, analiita jina la Eurydice mara mbili, na anangoja. Kile kingojeo ndicho kinachonimaliza mimi. Mwimbaji mwingine angejaza pale kwikwi au pumzi ya majonzi. Yeye anaacha patupu. Kiitikio kinaporudi, noti ni zilezile, lakini wewe msikilizaji sasa unajua kwamba hakuna atakayeitika. Mara ya tatu Gluck anarefusha mwisho, sauti inapanda, na ndipo Ferrier anapoifungulia yote aliyokuwa ameibana.

Wanaoimba wanajua ugumu wake. Ukilia, koo linafunga. Pumzi inakatika, noti inashuka, na unabaki wewe na machozi yako, wimbo umekwisha. Lilimpata hata yeye. Mwaka 1947 huko Edinburgh, akiimba kazi ya mtunzi Mahler chini ya kiongozi wa okestra Bruno Walter, machozi yalimzidi na maneno ya mwisho hayakutoka. Na mwaka 1946 hapakuwa na kukata na kuunganisha vipande studioni. Wimbo wote ulitakiwa uingie upande mmoja wa santuri, dakika nne na ushee, kwa mkupuo mmoja. Ukikosea, unaanza upya. Kwa hiyo tunachokisikia ni mtu anayekaribia kabisa pale koo linapofunga, na anajizuia, noti baada ya noti.

Huko kujizuia kulifundishwa na kufanyiwa kazi. Ferrier alikuwa opareta wa simu Blackburn, na alijulikana zaidi kwa piano. Aliingia shindano la uimbaji la Carlisle mwaka 1937 kwa sababu mumewe aliweka dau la shilingi moja kwamba hatathubutu. Akaingia na la piano pia, akashinda yote mawili. (Hiyo shilingi sijui kama ililipwa.) Baadaye mwalimu wake alikuwa Roy Henderson, naye mwimbaji. Sasa, kumwambia msomaji kwamba sauti ile imetengenezwa na saratani ni kumnyang'anya mwanamke huyu jasho lake na kulikabidhi kwa ugonjwa.

Kama mwandishi wako anataka kuusikia ugonjwa, angechagua santuri ya Vienna ya Mei 1952, kazi ileile ya Mahler, Bruno Walter yuleyule. Wakati huo Ferrier alikuwa ameshafanyiwa upasuaji na anaendelea na matibabu. Hiyo hata mimi siwezi kuisikiliza bila kukumbuka yaliyomkuta. Lakini hata hapo, yale maneno ya mwisho yaliyomshinda Edinburgh anayafikisha yote, kwa sauti ndogo isiyotetereka.

Ombi langu ni dogo. Mnapoandika habari za waimbaji waliofariki, wekeni mwaka wa kurekodiwa kando ya jina la wimbo. Na msomaji ambaye hajawahi kumsikia Ferrier aanze na wimbo wa 1946, kabla hajasoma makala yenu wala barua hii.

Mwalimu wa kwaya,
Sauti ya pili