Kabla ya kuuza nishani ya babu, andikeni jina lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme na wale ambao ndani ya sanduku la babu, au katika kopo la vifungo la bibi, wana nishani ya Keya (King's African Rifles, kikosi cha Mwingereza cha askari wa Afrika Mashariki) wanayofikiria kuiuza. Nimekusanya nishani za jeshi la Mwingereza kwa miaka mingi na simkatazi mtu kuuza mali yake, kwani nyingi nilizo nazo nilizinunua kwa wauza vyuma chakavu. Ninachoomba ni kwamba jina la aliyeivaa liandikwe kabla nishani haijatoka nyumbani.

Wengi hudhani jina limo katika nishani yenyewe. Kwa Vita Kuu ya Kwanza ni kweli: ile ya fedha, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja na mtu uchi aliyepanda farasi upande wa pili, imepigwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha askari, kwa herufi ndogo zinazotaka miwani na mwanga wa dirishani. Nimewahi kumaliza asubuhi nzima nikigeuza ukingo wa nishani moja ambayo wenyewe waliisugua kwa majivu na limau hadi ikang'aa kama sinia ya harusi, na katika jina zima zikabaki herufi nne. (Tafadhali msizisugue.)

Za Vita Kuu ya Pili ni jambo jingine, kwa sababu zile ambazo Uingereza iliwapa askari wa Keya hazikuandikwa jina. Nyota ya Burma ya mtu aliyeteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika mvua na matope, haina tofauti na ya askari aliyetoka Manchester.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea nyota kama hiyo imefungwa kwenye leso. Nilipomuuliza ilikuwa ya nani alijibu kuwa ni ya babu, lakini babu yupi, wa upande wa baba au wa mama, hakujua. Cheti cha kuachishwa jeshi, ambacho kingetupa namba na kikosi, kilichomwa pamoja na godoro siku ya kusafisha nyumba baada ya msiba. Nililipa bei tuliyopatana, na tangu siku hiyo nina kipande cha shaba chenye pembe sita nisichojua nikitafutie wapi mwenyewe.

Wala tusitegemee kwamba Uingereza ilituandikia kila kitu. Katika hifadhi ya nyaraka za taifa kule Kew, London, zimo kadi na orodha za nishani za Vita ya Kwanza, lakini mafaili mengi ya askari wao wenyewe wa vita hiyo yaliteketea kwa mabomu mwaka 1940. Kwa upande wetu, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita hiyo ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Miongoni mwao wamo wapagazi wa Carrier Corps, waliotuachia jina la Kariakoo.

Kwa hiyo liandikwe jina kamili na la baba yake, kijiji, kikosi, na mahali alikosema alipigana, iwe Uhabeshi, Madagaska au Burma, na cheti kikiwapo kipigwe picha kwa simu. Hata wenye nishani yenye kibao cha "Kenya", ya vita vya Mau Mau, ambao huificha kwa sababu wanajua ilitolewa kwa kazi gani, nao waandike.

Kijana yule amenipigia simu juzi kuniarifu kwamba shangazi yake mkubwa, aliyempikia mzee hadi siku zake za mwisho, yu hai huko Handeni. Nitakwenda na daftari, na nyota yenyewe nitaichukua ili aione.

Mkusanyaji wa nishani,
Tanga