Barua ya wazi kwa washirika wenzangu: wiki ile ya Tomaso

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe sana.

Hili jambo nilitaka kulisema kwenye matangazo nikaona hapana, pale kila mtu ana haraka ya kutoka na mtoto analia, bora niandike kila mtu asome kwa nafasi yake akiwa ametulia. Naandika kama mzee wenu, na naandika nikiwa na mzigo moyoni kwa kweli.

Nianze na kitabu cha nyimbo. Jumamosi moja tulikuwa tunafanya usafi kanisani, nikafika benchi la tatu upande wa dirishani nikakuta kitabu cha nyimbo kimelala pale kwenye ukingo wa dirisha, kimevalishwa jalada la plastiki na pembeni limeshonwa kwa uzi mweusi, mkono wa mtu mwangalifu. Nikapangusa vumbi na kiganja nikajua ni cha nani hata kabla sijaona jina. Ndani alikuwa ameweka karatasi ya ratiba ya ibada kama alama, imekunjwa mara mbili, nikaikunjua nikasoma tarehe. Wiki sita! Jumapili sita mfululizo dada yetu yule hajaja, na mimi Jumapili zote hizo nimesimama mbele nikahesabu watu nikaandika kwenye daftari, 43, 41, 44, hesabu inaonekana iko sawa kabisa, tulipata wageni wawili watatu wakajaza nafasi, na mimi nikaenda nyumbani nikiwa na amani. Sikuona kwamba yeye hayumo.

Nilimpelekea kitabu chake jioni ile ile. Hakunilaumu hata kidogo, alinikaribisha vizuri tukaongea mambo mengine kwanza, mpaka nilipomuuliza kama kuna kitu tumemkosea akanyamaza kidogo, akasema, "Mzee, sikukasirika. Niliona tu nikija nitakuwa nakalia kiti cha waliolipa." Mnakumbuka ile Jumapili tulisoma orodha ya mchango wa paa, jina na kiasi, jina na kiasi, na wasiotoa tukasema "bado". Jina lake lilikuwa karibu na mwisho. Na aliyeshika ile karatasi na kusoma kwa sauti kwenye maiki ni mimi. Nimemwomba msamaha nyumbani kwake na leo naomba tena hapa mbele yenu, kwake na kwa wengine wawili walioitwa "bado" siku ile.

Tangu hapo nimekuwa nasoma Yohana sura ya 20 karibu kila usiku. Mnaijua, jioni ya siku ya kwanza ya juma, wanafunzi wamejifungia ndani kwa hofu, Yesu anakuja anasimama katikati yao, na Tomaso hayupo. Biblia haisemi alikuwa wapi. Mimi zamani nilikuwa nahubiri kwamba ndio madhara ya kukosa ibada hayo, unaona, umekosa siku moja tu umemkosa Bwana! Siku hizi siwezi tena kuhubiri hivyo, maana nimeanza kuangalia kinachofuata. Wenzake wanamwambia tumemwona Bwana. Kumbe walimtafuta, au alipotokea walimpa habari yote wala hawakumficha kitu. Yeye anajibu vibaya kabisa, anasema nisipoona alama za misumari na kutia mkono wangu ubavuni mwake sisadiki hata kidogo. Halafu zinapita siku nane. Siku nane! Na tukifungua mlango tena wako ndani, na milango imefungwa vile vile, na safari hii Tomaso yupo pamoja nao.

Hizo siku nane ndizo zinazonikosesha usingizi, ndugu zangu, kwa sababu hazikuandikwa. Hatujui nani alikuwa anaongea naye siku ya tatu, ya tano. Tunajua tu kwamba mtu aliyesema wazi "sisadiki" hakufukuzwa, hakutolewa, na mlango ulikuwa umefungwa kwa hofu kwa hiyo hata kama alichelewa kuna mtu wa ndani aliinuka akamfungulia. Na ndani ya kile chumba nani angemnyooshea kidole? Petro mwenyewe siku chache nyuma alikana mara tatu. Bwana alipokuja mara ya pili alisema amani iwe kwenu, wote kwa pamoja, kisha akamgeukia Tomaso kwa maneno yale yale ya Tomaso, lete mkono wako. Na kinywa kile kile kilichosema sisadiki ndicho kilichosema Bwana wangu na Mungu wangu.

Sasa sisi siku zetu nane zikoje? Tuseme ukweli. Jumapili tunakuja, tunaimba, neno linahubiriwa, tunasalimiana mlangoni tunatawanyika. Jumatano maombi tunakuwa tisa, kumi, siku nyingine sita. Ijumaa kwaya. Katikati hapo kote tunaishi kwenye grupu la WhatsApp, na mimi sina ubaya na grupu, linatusaidia sana, ila kuna kitu limetufanya tukakizoea bila kujua. Yule ndugu yetu anayefunga spika kila Jumapili kabla hata hatujafika, mwezi uliopita aliandika kwamba anaumwa mgongo hawezi kuinuka. Zikaja zile alama za mikono ya kuomba, nilizihesabu baadaye, 31. Amina, amina, uponywe kwa jina la Yesu, Mungu akuinue. Nami niliweka mkono wangu pale, ni mmojawapo wa ile 31. Siku ya nne ndio nikapita kwake, nikakuta mimi ni mtu wa kwanza kutoka kanisani kufika. Amelala ubavu, chupa ya maji iko mezani ng'ambo ya chumba, simu iko mkononi imejaa amina zetu na maji hayafikii. Nikamsogezea ile chupa, akanywa yote bila kupumzika.

Mathayo 25 mnaijua kwa moyo, nalikuwa mgonjwa mkaja kunitazama. Neno lililopo pale ni mkaja. Kuomba ni kwema na tusiache, ila Bwana anataja miguu.

Wengine wenu vijana mmewahi kuniambia kanisa letu ni dogo mno, hatuna watu, hatuna vyombo, tutafanya nini. Nawaelewa. Lakini someni Warumi 16 muone Paulo anasalimia kanisa lililomo nyumbani mwa Priska na Akila, nyumbani! Waliokuwa wanakusanyika pale wote wangeweza kujuana kwa majina. Kule Dura-Europos, Syria ya sasa, wachimbaji waliikuta nyumba ya watu iliyogeuzwa kuwa kanisa miaka ya 200 na kitu, wakavunja ukuta kati ya vyumba viwili ili wapate nafasi, na hata hapo nafasi yenyewe ni ya watu kama sitini, sabini hivi. Yaani tungehamia kule na madaftari yetu tungetosha. Udogo sio ugonjwa. Kanisa la watu 43 lina kitu kimoja ambacho kanisa la watu elfu tatu linakitafuta kwa shida, mtu mmoja akikosekana inatakiwa tuone. Tukiwa wachache na bado hatuoni, hapo ndio nasema tuna shida.

Kuna maandishi ya Yustino Mfiadini, mwalimu Mkristo wa zamani, aliandika kule Roma kwenye mwaka wa 155 hivi kumweleza Kaisari Wakristo wanafanya nini siku ya jua, yaani Jumapili. Anasema watu wa mjini na mashambani wanakusanyika mahali pamoja, yanasomwa maandiko ya mitume au ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anaonya na kufundisha, wanasimama wanaomba, mkate na divai vinaletwa. Na waliokosekana? Mashemasi wanawapelekea. Na sadaka, mwenye nacho anatoa kadiri apendavyo mwenyewe, inawekwa kwa kiongozi, naye anawasaidia yatima na wajane, wagonjwa, walio kwenye vifungo, na wageni. Nilipoisoma nilirudia mara mbili lile neno la mashemasi. Ibada yao haikuishia mlangoni, ilikuwa na miguu inatoka nayo kwenda kwa asiyekuwepo.

Na kwa habari ya mchango, hii niliijua zamani nikawa nimeisahau. Mwaka 1742 kule Bristol, Uingereza, watu wa John Wesley, yule mhubiri aliyeanzisha Wamethodisti, walikuwa na deni la jengo, mmoja akashauri kila mtu atoe peni moja, sarafu ndogo ya kwao, kwa wiki. Mwingine akasema wengi ni maskini hawawezi. Yule wa kwanza akajibu, basi nipeni kumi na mmoja walio maskini zaidi, nitawapitia kila wiki, akiweza sawa, asipoweza nitamtolea mimi. Wengine nao wakachukua majirani zao hivyo hivyo. Kupitia nyumba kwa nyumba kwa ajili ya peni ndiko kukawafanya wakutane na ugomvi wa ndani, ulevi, magonjwa, mambo ambayo kwenye mkutano hayaonekani, na deni likawa ndio jambo dogo, watu wakawa ndio jambo lenyewe. Sisi tulikuwa na deni la paa tukasoma majina kwenye maiki. Nimeongea na wazee wenzangu, kuanzia sasa hakuna jina litakalosomwa, wala kiasi. Anayeshindwa aje kwangu kimya kimya au asije, yote sawa, Paulo alishasema si kwa huzuni wala kwa lazima.

Sasa nisikilizeni kuhusu kwenda, maana kuna kwenda na kuna kwenda. Tusiende watu kumi kama tunaenda kukamata mtu. Bwana aliwatuma wawili wawili, inatosha. Usifike mlangoni na "mbona umepotea", hilo neno linafunga mlango kabla haujafunguliwa. Salimia, kaa, sikiliza, kama kuna kazi mkononi mwake mshikie. Omba kwa ufupi, mgonjwa hana nguvu za maombi ya dakika arobaini. Na ukitoka, wapendwa nawasihi sana kwa jina la Bwana, ulichokiona kwenye nyumba ya mtu kibaki hapo. Kuna dhambi tumeipa nguo nzuri tukaiita ombi la sala, tumwombee dada fulani jamani ndoa yake ina hali mbaya, na kesho yake kila mtu anajua na aliyeombewa ndiye wa mwisho kujua kwamba anaombewa. Ukitaka kuomba kwa ajili yake, Mungu anajua undani, wewe taja jina tu inatosha.

Wanaohubiri pia, mimi nikiwemo, tukumbuke Eutiko kule Troa. Kijana amekaa dirishani, Paulo anaendelea kusema mpaka usiku wa manane, kijana anasinzia anaanguka toka ghorofa ya tatu. Paulo alikatisha, akashuka, akamkumbatia. Tuna vijana wanakaa nyuma wanainamia simu na kila Jumapili tunawasema kwa mafumbo madhabahuni. Jamani tushuke tukakae nao hata dakika kumi baada ya ibada, tuwaulize wiki imekuwaje, na tusubiri jibu.

Na wewe usiyekuja siku hizi, najua utaisoma hii barua maana kuna mtu atakutumia. Mwanangu, ndugu yangu, sijui kilichokuzuia. Inawezekana ni kazi, inawezekana ni aibu ya jambo fulani, inawezekana umefika mahali unasema kama Tomaso sisadiki na hutaki kuja kuimba usichokiamini. Njoo hivyo hivyo. Ukikaa kimya tutakaa na wewe. Na kama umeumizwa na mmoja wetu niambie jina langu kama ni mimi, sitajitetea.

Nimefanya hivi. Kwenye daftari la mahudhurio nimefuta ile safu ya jumla, badala yake nimeandika majina yote, na Jumapili tukimaliza nitabaki na daftari pale mlangoni dakika chache. Ambaye hana alama, mtu mmoja achukue jina lake, ampigie Jumatatu, Jumatano tumtaje kwenye maombi, na kabla Jumapili haijarudi wawili wawe wamefika kwake. Kwa Jumapili iliyopita majina yalikuwa matano. Matatu yameshachukuliwa, nawashukuru sana mama zetu. Mawili nimechukua mimi, mmoja ni yule ndugu wa spika, mgongo bado unamsumbua, naenda Alhamisi jioni na natafuta mtu mmoja wa kwenda naye, ikiwezekana kijana mwenye nguvu, kitanda chake kinatakiwa kusogezwa karibu na meza.

Ni mimi mzee wenu, niwapendaye katika Bwana.