Kipimo cha homa ya ini B kitangulie vidonge vya C

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wagonjwa wa homa ya ini, na hasa wanaowaandikia dawa, jambo ambalo familia yetu ililijua kwa kuchelewa.

Mdogo wangu, ambaye zamani alikuwa akijidunga dawa za kulevya na sasa ameacha, alipimwa akakutwa na homa ya ini aina ya C, akaanzishiwa vidonge vya wiki 12. Tulishukuru sana, kwa sababu vidonge hivyo huponya zaidi ya asilimia 95 ya wanaovimaliza. Wiki ya nane mkojo wake ukawa kama chai ya rangi, na asubuhi moja mama alimvuta dirishani, akamfunua kope na kuona jicho lote ni manjano. Nilipoichukua fomu yake ya maabara, mstari wa C ulikuwa umejazwa kwa wino mwekundu. Mstari wa B ulikuwa mtupu.

Virusi vya B na C hupita njia zilezile za damu na sindano, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili. Vinapokaa pamoja, mara nyingi vya C huvibana vya B, navyo vikatulia kiasi kwamba hakuna anayevishuku. Dawa ikishaviondoa vya C, vya B hupata nafasi ya kuzaliana upya na kulishambulia ini. Oktoba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza onyo zito liwekwe kwenye dawa hizi, baada ya kupata taarifa za wagonjwa 24 waliopatwa na hali hiyo. Wawili walifariki na mmoja akalazimika kupandikizwa ini.

Simwambii mtu aache vidonge vya C, maana kuviacha ni hatari kubwa zaidi. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kidonge cha kwanza mgonjwa apimwe kama anavyo virusi vya B sasa, na kama aliwahi kuambukizwa zamani. Kipimo cha haraka cha maambukizi ya sasa huhitaji tone la damu ya kidole, na majibu hutoka mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Akikutwa navyo, hupewa tenofovia, dawa ambayo kliniki za VVU zinaifahamu vizuri. Akiwa hana wala hajawahi kuambukizwa, apate chanjo. Nchini kwetu watoto wachanga walianza kuchanjwa dhidi ya B mwaka 2002, kwa hiyo wengi tuliozaliwa kabla ya hapo, mdogo wangu akiwemo, hatukuipata.

Yeye sasa hana tena virusi vya C. Tenofovia anaimeza kila jioni, na daktari amemweleza kwamba huenda akaimeza kwa miaka mingi.

Msomaji wako,
Tanga