Salamu za Idd ya 2025 kutoka Tanga, mwaka wa kura

Assalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu, jamaa, marafiki na majirani popote mlipo, Idd Mubarak, taqabbalallahu minna wa minkum, Mola atukubalie funga zetu, atusamehe tulipoteleza, awarehemu waliotangulia na awape shifaa walio vitandani, amin. Na nyie jirani zetu Wakristo ambao bado mko kwenye Kwaresima, mwaka huu wa 2025 mifungo yetu imeongozana, nawatakia mmalize salama na Pasaka ikifika tule pamoja kama kawaida yetu.

Mwezi umekwenda mbio lakini umetuacha hoi mfukoni, hilo kila mama anayeshika pochi ya nyumba analijua. Mwaka jana mwanzoni sukari ilipovuka elfu nne kilo tulisema ikishuka tutapumua, imeshuka kweli, ila ukienda sokoni na elfu kumi unarudi na mfuko ambao mtoto anaubeba kwa kidole kimoja, nazi, mchele, tambi, nyama ya Idd ndo usiseme, na hapo nguo za watoto bado. Kuna nyumba kesho watoto watavaa zile za Idd iliyopita zimefuliwa na kupigwa pasi, na alhamdulillah ni stara. Waliofuturu uji na maji mwezi mzima nawaombea Allah awafungulie milango ya riziki.

Lakini kuna futari nyingine mwaka huu zilikuwa nono. Oktoba tuna uchaguzi mkuu, basi Ramadhani yote hii watia nia wameonekana, mtu ambaye tangu 2020 hamjamuona, barabara ya mtaa inageuka bwawa kila masika hayupo, huyo kaja na pilau na tende na vifurushi vya mchele vimebandikwa picha yake, kanga kwa kina mama, bahasha kwa walimu wa madrasa, na sisi tumepanga foleni, tumepokea, tumeombewa dua tukasema amin. Kufuturisha ni ibada na thawabu yake tunaijua wote, sitothubutu kumkataza mtu. Ila anayefuturisha kwa ajili ya Allah haji na mpiga picha, na Ramadhani za 2021, 22, 23 na 24 zilikuwa na waliofunga pia, yeye alikuwa wapi?

Kisa cha Ibn al-Lutbiyya masheikh wetu wametusimulia mara nyingi, yule mtu wa kabila la Azd ambaye Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka, akarudi na mafungu mawili, hili lenu na hili mimi nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza, mbona hakukaa nyumbani kwa babake na mamake akaona kama hiyo zawadi itamfuata? Kwangu mimi hapo ndo penye kipimo chote cha rushwa. Mheshimiwa angekuwa fundi baiskeli, huyo mkandarasi angemkumbuka kwenye harusi ya binti yake? Angepewa kile kiwanja? Na mimi nisingekuwa na kadi ya mpiga kura, huyu wa vifurushi angejua mlango wangu uko wapi?

Tena fungueni Suratul Baqara mtazame wenyewe. Aya za kufunga zinaanzia 183 zinakwenda mpaka 187, na inayofuata papo hapo, 188, ni katazo la kuliana mali kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili mtu apate kula haki ya mwenzie na huku anajua. Yaani maneno ya Ramadhani yakiisha tu yanakuja ya rushwa. Mwezi mzima tumeacha maji ya mtungi wetu wenyewe, halali yetu, alfajiri mpaka magharibi, halafu Idd mosi tukakirudie cha watu? Hiyo funga ilikuwa ya nini jamani.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, ngumbaru tulivyokuwa tukiita, na ahadi za TANU alizihifadhi mpaka uzeeni. "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Vijana wanadhani yale yalikuwa maneno ya mchakamchaka tu, lakini nchi ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili ya uhuru, 1963, ikatungwa sheria mla rushwa aende jela miaka miwili na viboko 24, 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka, na Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba vile vya kutoka ni akamwonyeshe mkewe. 1967 Azimio la Arusha likaleta miiko, kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na mzee Mwinyi, Rais wetu wa pili aliyetutoka Februari 2024, Allah amrehemu, miaka hiyohiyo ya sabini alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya mauaji yaliyofanywa na walio chini yake kule Shinyanga na Mwanza, mkono wake haukuwemo lakini wizara ilikuwa yake.

Sisemi zamani ilikuwa pepo. Chama kilikuwa kimoja, aliyesema sana alijuta, na sukari ya mgao ilipitia mlango wa nyuma kwa wanaojuana, hilo nalo tuliseme kweli. Ila aibu ilikuwepo, mtu akijenga ghorofa kwa mshahara wa ukarani watu walimuuliza, leo tunampa kiti cha mbele msikitini na kanisani.

Februari 1991 chama, yaani CCM iliyoirithi TANU, kikakaa Zanzibar miiko ikalegezwa, 1992 vyama vingi vikaruhusiwa, yaani siasa ya ushindani na ruhusa ya kiongozi kutafuta mali zimeingia karibu kwa mguu mmoja na hakuna aliyewekwa mlangoni kukagua. 1996 Tume ya kuchunguza rushwa ya mzee Warioba, waziri mkuu wa zamani, ikaandika kwamba rushwa imeenea kila kona, ile kubwa ya tenda na mikataba na ile ndogo ya polisi, hospitali na mahakamani. Sasa badala ya kuikata, 2000 Bunge likaipa jina zuri, takrima! Sheria ya uchaguzi ikabadilishwa kwamba mgombea akiwakirimu wapiga kura kwa nia njema isihesabike kuwa rushwa. Ukarimu wetu, mila yetu ya kumkaribisha mgeni kwa alicho nacho mtu, ikageuzwa kichaka. Watu wa mashirika ya kutetea haki wakaenda Mahakama Kuu, na 2006 mahakama ikakifuta hicho kifungu kwamba kinavunja Katiba, maana mwenye nacho na asiye nacho hawawezi kugombea sawa hapo. 2010 ikaongezwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa hiyo kwenye karatasi takrima ilishakufa, huku mitaani imekula futari na sisi mwezi mzima.

Wizi mkubwamkubwa mnaujua sina haja ya kuurudia, EPA, ile akaunti ya madeni ya nje, bilioni 133 zilizochotwa Benki Kuu, Escrow ya 2014, ile akaunti ya hela za umeme, zaidi ya bilioni 300, kwa majirani kuna Goldenberg ya Kenya na yale madeni ya siri ya Msumbiji ya dola bilioni mbili. Nchi zote hizi zilipandisha bendera kwa machozi ya furaha. Tunapenda kuyazungumza hayo kwa sababu yako mbali na sisi, ni ya wakubwa. Mimi naamini kabisa yanaanzia kwenye kanga. Aliyekununua Ramadhani ameshakulipa, hana deni lako tena, akifika Dodoma kazi ya kwanza ni kurudisha mtaji. Majira haya ndo CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anamkabidhi Rais ripoti, Aprili itasomwa Bungeni, tutasikia tena hela zilizotoka bila risiti na miradi iliyolipwa haipo, tutalaani wiki mbili halafu kimya, na wa kuuliza maswali ni nani kama mwenyewe aliingia mjengoni kwa bahasha?

Mzee huyohuyo Warioba, 2013, kwenye Rasimu ya Katiba, tume yake nyingine, ile ya mabadiliko ya katiba, iliandika kwamba zawadi anayopewa kiongozi akiwa kwenye shughuli ya umma ni mali ya Jamhuri, na ubunge uwe na ukomo, na wananchi waweze kumuondoa mbunge kabla muda haujaisha. Nilipoisoma nilimkumbuka Ibn al-Lutbiyya. Bunge la Katiba likayatoa hayo ya ukomo na kumuondoa mbunge, 2014 ikaja Katiba Inayopendekezwa, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa na mpaka leo tunaingia uchaguzi mwingine na katiba ileile ya 1977.

Hii ni Idd ya kwanza bila mama.

Nimekaa muda mrefu kabla ya kuandika mstari huo. Siku zake za mwisho tulimpeleka hospitali, sitoitaja, tukakaa benchi asubuhi, mtu akaja akamvuta kaka pembeni kwamba kipimo kinaweza kufanyika sasa hivi kukiwa na ya soda, bila hivo mashine ina matatizo. Kaka akaanza kutoa hela, mama akamshika mkono, na mkono wenyewe hauna nguvu, akasema mie nimewafundisha watu kusoma kwa ile ahadi, mnataka niende kwa Mola wangu nimeivunja? Tukakaa. Mpaka alasiri imepita, akaja daktari mmoja kijana akauliza huyu bibi yupo hapa tangu saa ngapi, akamsukuma mwenyewe kwenye kigari akampeleka, Allah amlipe kijana yule na amkuze. Sisemi kuchelewa kule ndiko kulikomchukua mama, siku yake ilifika. Lakini mtu mzima kama yule kuchaguzwa kati ya maumivu yake na dini yake, kwenye jengo lililojengwa kwa kodi yake, wallahi hilo bado linanikaa kooni.

Kwa hiyo ndugu zangu niacheni niseme. Kina mama wenzangu, sisi ndo tunaopangwa mstari wa mbele kwa kanga na sisi ndo tunaozalia sakafuni, tukiambiwa njooni mpokee tuulize kwanza ile zahanati imefikia wapi. Masheikh wetu na mapadri, mimbari zile ni za Mungu, msimpe mtu kipaza sauti kwa sababu kaleta mabati. Mtumishi uliye dirishani, yule unayemwambia faili halionekani ana watu nyumbani wanamsubiri, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia kati yake na Mola. Vijana msiseme siasa ni chafu mkakaa pembeni, kura ni ushahidi, unaposimama kituoni unashuhudia mbele ya Allah kwamba huyu namjua na amana anaiweza, sasa nani kati yetu anauza ushahidi kwa kilo mbili za mchele? Na nyie mnaogombea, wa chama chochote, mnaotaka kweli kututumikia, njooni mikono mitupu mtueleze, tutawasikiliza hivohivo, na mkipata mkumbuke cheo ni dhamana, mtaulizwa shilingi kwa shilingi siku ambayo hakuna wakili.

Basi nawatakia sikukuu njema yenye heri na baraka, walioko Unguja na Pemba, Mombasa, Muscat na Dubai tunawakumbuka, watoto wapeni idi zao hata kama ni mia tano, wagonjwa na wajane msiwapite, zakatul fitri itoke kabla ya swala. Kullu aam wa antum bikhayr. Hitma ya mama tutasoma Ijumaa ya pili baada ya Idd hapa Ngamiani, baada ya swala ya alasiri inshallah, aliye karibu aje, aliye mbali amsomee Yasin hukohuko.