Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vitako vya Meza ya Tanga

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tushughulikie meza moja tu ya sanamu ndogo za askari mwaka huu, yaani inayoonyesha vita ya Tanga ya Novemba 1914 kati ya Wajerumani na Waingereza, na kuhakikisha kwamba kila sanamu itakayosimama juu yake ina kitako, yaani kibao kidogo cha kusimamia, kilichopambwa kwa vitu vya mahali pale. Kikosi cha askari wa jeshi la Wajerumani kimekamilika. Cha Waingereza na Wahindi kimechelewa, na lawama nyingi za ucheleweshaji huo ni zangu.

Agizo lile lilikuwa la haki. Vitako vyetu vya zamani vilijaa mafuvu ya plastiki na vishungi vya nyasi za dukani, kiasi kwamba askari wa Tanga na shujaa wa sayari ya kubuni walionekana wamesimama uwanja mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kufungua gundi, kila kipande kimekuwa kikiulizwa kama kilikuwapo pale. Mkonge ulipita bila ubishi, kwa kuwa Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliuingiza nchini mwaka 1893 na kufikia vita hiyo ulikwishakuwa zao kubwa. Majani yake tuliyakata kwa karatasi nene, tukayachonga ncha na kuyapanga kwa mduara kutoka nje kwenda ndani, na nyasi kavu tukazipata kwa kukatakata nyuzi za katani halisi. Mkonge wa karatasi umeota katikati ya nyasi za mkonge wa kweli, jambo lililonichekesha kuliko inavyomfaa mwenyekiti.

Mizinga ya nyuki ndiyo iliyotutoa jasho. Nyuki waliochokozwa na mapigano waliwavamia wanajeshi, hata vita hiyo ikaja kuitwa pia Vita ya Nyuki, hivyo meza yetu isingekamilika bila mizinga. Ile ya kwanza ilikuwa na urefu wa milimita 30, ilhali sanamu zetu ni za milimita 28, na askari akawa mfupi kuliko mzinga uliolala miguuni pake. Kwa kipimo chetu cha takriban 1:56, yaani kitu halisi kikipunguzwa mara 56, mzinga wa gogo wa mita 1 hauzidi milimita 18. Tuliichonga upya kwa vijiti vya mwarobaini vyenye unene wa milimita 5, tukatoboa tundu upande mmoja na kulitia rangi nyeusi. Kwa kuwa kitako cha milimita 25 hakibebi mti wa kuitundika, tumeionyesha ikiwa imeanguka na kupasuka, na nionavyo mimi imependeza zaidi hivyo.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mchanga wa kikosi cha Waingereza niliuchota ufukweni mwenyewe na kuubandika bila kuuosha, na wiki chache baadaye chumvi ikajitokeza juu ya rangi kama ukoga mweupe, ikabidi vitako vyote vikwanguliwe. Kuanzia sasa mchanga utaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu, utaanikwa juani hadi ukauke kabisa, na kupitishwa kwenye chujio la chai kabla ya kukutana na gundi nyeupe ya mbao.

Kuna wanachama walionung'unikia uamuzi wa kamati kwamba kitako kimoja kisibebe zaidi ya vitu viwili. Ninautetea. Tuliweka mezani sanamu iliyozungukwa na mkonge, mzinga, sanduku la risasi na kofia iliyodondoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuona viatu vya askari mwenyewe, ambavyo mchoraji wake alivihangaikia jioni nzima.

Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina. Mwakani kamati inapendekeza tumalize kikosi kilichobaki kabla ya kununua sanamu nyingine yoyote, na walioazima vibanio vidogo na keekee ya mkono wavirejeshe kwenye sanduku la chama kabla ya mkutano, kwani mizinga kumi na miwili bado haijatobolewa.

Mwenyekiti