Kaka, safari hii usikatae kabla hujauliza

Kaka yangu,

Salaam. Mwanao alinipigia juzi usiku, nadhani bila wewe kujua. Kaniambia baba mkwe wako yuko ICU, anapumulia mashine, ana mpira mdomoni, na madaktari wameanza kutaja habari ya kumtoboa koo. Akaniuliza, "Shangazi, tukubali?" Simu zangu hupokei tangu arobaini ya Mama, ndiyo maana nakuandikia hapa. Najua unasoma.

Nianze na unachokihitaji. Trakeostomia ni tundu dogo chini ya kikoromeo, unapitishwa mrija mfupi mpaka kwenye bomba la hewa, na ule mpira wa mdomoni unatolewa. Mpira wa mdomoni unapita katikati ya nyuzi za sauti. Ukikaa sana unazichubua. Kinywa hakisafishiki vizuri. Mgonjwa akizinduka anataka kuung'oa, ndiyo maana wanamlaza kwa dawa. Mrija wa shingoni unavumilika zaidi, na makohozi yanavutwa kwa urahisi. Hatari zipo: damu, maambukizi, mrija kuchomoka siku za mwanzo. Lakini si lazima uwe wa maisha. Akipona unatolewa, na kwa kawaida tundu hujiziba lenyewe.

Ugumu uko kwenye lini. Waingereza walilichunguza jambo hili katika utafiti unaoitwa TracMan: wagonjwa 909, ICU 72, kuanzia 2004 hadi 2011. Kundi moja lilipangiwa kutobolewa ndani ya siku 4 za mwanzo, jingine lisubiri mpaka siku ya 10 au zaidi, kama bado litahitaji. Majibu yalichapishwa 2013. Katika siku 30 walifariki asilimia 30.8 ya waliowahishwa na asilimia 31.5 ya waliosubirishwa. Ni sawa na kusema hakuna tofauti. Na kati ya waliosubirishwa, waliofikia kutobolewa hawakufika hata nusu, maana wengine walikwishaachishwa mashine na wengine walikwishafariki. Hata daktari mzoefu hawezi kujua kwa uhakika siku ya nne ni nani atakaa na mashine muda mrefu. Kwa hiyo kama mzee bado yuko siku za mwanzo na daktari anasema tungoje, ngojeni, msimgombeze.

Ndiyo, Kaka, nayasema haya hadharani. Kama kuna usiku unaamka ukidhani kukataa kwako Mama atobolewe koo ndiko kulikomuua, lala. Sijawahi kutamka hivyo, wala sitatamka.

Ila Mama hakuwa siku ya nne. Alishaingia wiki ya pili. Nimonia imeanza kupungua, wamejaribu kumwachisha mashine, akachoka, wakamrudishia. Kusubiri kwa wale Waingereza kulikuwa na siku yake: ikifika, mgonjwa anaangaliwa upya, jambo linaamuliwa. Kwako kulikuwa na "tusubiri" asubuhi na "tusubiri" jioni, na kila aliyeuliza mpaka lini ulimwona adui.

Na ile fomu ya kuridhia atobolewe. Daktari kijana wa watu alikuletea pale koridoni, hukuisoma. Uliikunja mara mbili ukamrudishia. Kisha ukanigeukia mimi, mbele ya Mjomba na Mama Mdogo: "Mama hachinjwi kama kuku. Wewe umezoea kuona maiti, ndiyo maana huna uchungu." Nilikuwa bado na sare, nimetoka zamu ya usiku. Mjomba alinitazama, halafu akageuza uso.

Huna uchungu! Uuguzi huu nimeusomea kwa pikipiki yako uliyoiuza. Hilo silisahau, na bili ya Mama uliibeba wewe karibu yote, hilo pia nalisema mbele za watu. Lakini fedha yako ndiyo iliyonifundisha kusimama kitandani kwa mgonjwa nikajua anahitaji nini, halafu siku ya kuitumia elimu hiyo kwa mama yetu ukaniita mchinjaji. Wanaosoma mtanisamehe, haya ni ya nyumbani.

Sikumwahidi mtu kwamba Mama atapona, Mama Mdogo ni shahidi. Nilitaka zile dawa za usingizi zipunguzwe. Katika utafiti uleule, miongoni mwa waliokuwa hai baada ya mwezi, waliowahishwa walizitumia kama siku 5 na wenzao kama siku 8. Kwa mtu wa takwimu ni kidogo. Mimi nimewahudumia watu wenye mrija shingoni, sauti haitoki lakini midomo inasema, na mwanawe anaelewa. Nilitaka Mama afumbue macho atuone. Niliomba hilo tu.

Basi kesho ukienda, muulize daktari: mzee ameshajaribiwa kuachishwa mashine, na ilikuwaje? Tunasubiri mpaka siku gani, na siku hiyo tutaangalia nini? Akitoka ICU na mrija, nani atamvuta makohozi usiku? Hili la mwisho lishikilie, kwa sababu mrija ukiziba wodini na hapana anayejua kuusafisha, mtu anakufa hivihivi. Kama mzee anaitika hata kwa kichwa, aulizwe mwenyewe. Kama haitiki, waache shemeji zangu waamue kuhusu baba yao. Wewe ni mkwe, washike mkono tu.

Fomu ikija, isome yote.

Na Mjomba. Mpaka leo nikienda Muheza ananijibu salamu akiwa ameangalia pembeni. Anaamini nilitaka kumchinja dada yake. Maneno yale aliyasikia kwako, siwezi kuyafuta mimi. Mwisho wa mwezi uko likizo, mwanao kaniambia. Nenda kwake ukamweleze.

Dada yako.