Hesabu ya hita za sola imwangalie na mpangaji

Mhariri,

Kanuni za Kenya za mwaka 2012 za hita za sola, yaani mitambo ya kupasha maji kwa jua, ziliagiza kila jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipate angalau asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwa jua. Naunga mkono nia hiyo kwa dhati. Shida ni hesabu tunayopigiwa.

Kupasha lita 100 kutoka nyuzi joto 18 hadi 60 hula uniti (kilowati-saa) tano hivi za stima. Tuseme uniti ni shilingi 28: sola ikibeba asilimia 60, nyumba inaokoa karibu 2,500 kwa mwezi. Hita ya shilingi 150,000 itajilipa kwa miaka mitano, na yanayofuata ni faida. Wauzaji hukomea hapo.

Sasa chukua mkopo wa fedha hizo kwa riba ya asilimia 15, ulipe kwa miaka mitano. Benki itakudai zaidi ya 3,500 kila mwezi, nawe unaokoa 2,500. Wizara ya Nishati ya Marekani inapopima kanuni za nyumba huangalia gharama za miaka 30, muda wa mtaji kurudi, na pia kinachoingia na kutoka mfukoni mwaka baada ya mwaka. Tena kule mkopo wa nyumba wa miaka 30 ni jambo la kawaida, hivyo gharama ya hita inaweza kugawanywa kwa malipo madogo ya muda mrefu. Kenya nzima ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu.

Na Nairobi wengi wetu tunapanga. Hita hununuliwa na landlodi, tokeni za stima hununuliwa na mpangaji. Kodi ikipandishwa 3,000 ili kufidia hita, mpangaji anayeokoa 2,500 amepunjwa. Maji ya kisima yenye chumvi yakiziba mabomba, mwenye ploti hana haraka ya kuita fundi, maana si yeye anayeoga maji baridi.

Naiomba EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, kabla ya kutunga au kukaza kanuni yoyote ya aina hii, ichapishe hesabu ya mwenye nyumba anayeishi humo, ya landlodi na ya mpangaji, kila moja peke yake, gharama za fundi zikiwemo. Kwa majengo mapya, ianze kwa kulazimisha mabomba ya maji moto na paa linaloweza kubeba tangi. Kuyaweka wakati wa ujenzi ni nafuu kuliko kubomoa kuta baadaye.

Mpangaji,
Kasarani, Nairobi